Jumatatu huna ari ya kazi? Utaratibu wa siku 14 kwa Mkristo mwajiriwa

Kila Jumanne saa saba na robo mchana tunakutana watu wanane, siku nyingine kumi na wawili, nyuma ya stoo yetu hapa Chang'ombe, Dar es Salaam. Tunakula, tunasoma mistari michache, tunaombeana, saa nane kamili kila mtu yuko kwenye kazi yake. Wapo Walutheri kama mimi, Wakatoliki, Wasabato, na walokole wa makanisa matatu tofauti. Kila mgeni anayejiunga huja na swali lilelile. "Mtumishi, kazi imenitoka moyoni, naenda tu kwa ajili ya kodi ya nyumba." Au: "Nimeomba Mungu anipe ari, mwezi wa tatu huu sijaiona." Au lile linalonitisha zaidi: "Labda ni ishara niache kazi nikamtumikie Bwana?"

Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, chakula kikipoa. Sasa naandika.

Jambo la kulijua tangu mwanzo ni hili: ukikaa kuisubiri ari, utasubiri sana. Kwa ninavyoona, ari huja nyuma ya kazi iliyofanywa vizuri, haitangulii. Kwa hiyo hapa hutakuta maombi ya kuivuta ije. Utakuta utaratibu wa wiki mbili.

Andaa hivi kwanza

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu. Usitumie simu. Ukiifungua kuandika mistari mitatu, utajikuta kwenye magrupu ya WhatsApp nusu saa nzima.
- Biblia.
- Mkataba wako wa kazi, au karatasi ya majukumu yako. Wengi hawajaisoma tangu siku waliposaini. Itafute, hata kama iko chini ya godoro.
- Mtu mmoja atakayekuuliza kila Ijumaa, "Umeandika?" Awe wa kazini au wa jumuiya. Mume au mke hafai sana kwa jambo hili. Mtaishia kujadili ada za watoto.
- Jumatatu ya kuanzia isiyo mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi kuna kufunga hesabu na kuhesabu mali, utakata tamaa bure.

Hatua zenyewe

1. Tambua umechoshwa na nini.

Gawa ukurasa wa kwanza wa daftari vyumba vinne: *mwili*, *kazi yenyewe*, *watu*, *pesa*. Andika kila kinachokulemea kwenye chumba chake, kisha zungushia duara chumba kimoja kilichojaa kuliko vingine. Usipite hatua hii haraka, maana mtu aliyechoka mwili hatibiwi kwa dawa ya aliyegombana na bosi.

Soma 1 Wafalme 19:4-8. Eliya amekaa chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, Horebu, baada ya mwendo wa siku 40.

Mwaka mmoja niliamini nimeingiliwa na roho ya uvivu. Nikafunga, nikaombewa. Kumbe nilikuwa natoka Mbagala saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa tatu usiku, nikipata usingizi wa saa tano. Nilipoomba niingie kazini saa mbili badala ya saa moja na kukubaliwa, nusu ya vile vita vya kiroho iliisha wiki hiyohiyo.

*Angalizo:* usiandike "shetani" kwenye vyumba vyote vinne. Kama chumba cha mwili ndicho kimejaa, siku tatu za kwanza fanya jambo moja tu: lala mapema. Kisha endelea.

2. Fuata kazi yako mpaka inapoishia.

Hii ndiyo hatua iliyonigeuza mimi, nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Mwaka wangu wa nne stoo niliichukia kazi kabisa. Bolti, nati, washa, mabomba. Unatoa, unaandika kwenye leja, unatoa. Siku moja utingo hakuja, nikapanda mimi kwenye Canter kupeleka mzigo Mkuranga, penye ujenzi wa zahanati. Tulifika saa sita. Mafundi wanne wamekaa kwenye mchanga, kenchi za chuma zimeegemezwa ukutani. Walikuwa wakitungoja tangu jana yake. Fundi mkuu akafungua mfuko, akatoa bolti moja, akaichomeka kwenye tundu. Ikacheza. Karatasi ilisema milimita 12, mimi nilikuwa nimetoa za 10.

Hakunitukana. Aliigeuzageuza kiganjani, akauliza, "Kaka, wewe ndiye unayejaza zile karatasi?" Nikasema ndiyo. Akairudisha bolti mfukoni, akafunga mfuko kwa ile kamba yake taratibu, akanikabidhi. "Haya. Basi leo tena tunalala."

Kwa miaka minne nilidhani nafanya kazi na leja. Siku ile niliona kwamba mwisho wa leja yangu kuna watu wanne waliokaa mchangani, na nyuma yao wamo mama wajawazito wa kijiji kile.

Sasa wewe, jibu kwenye daftari maswali haya matatu: Nani anapokea kazi yangu ikitoka mikononi mwangu? Nikikosea, yeye anapatwa na nini? Mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini? Kama jibu la tatu ni "sijawahi", panga kumwona ndani ya wiki hii. Karani wa mafao, kaa benchi la wastaafu dakika kumi. Mpishi wa kantini, toka jikoni uangalie sahani zinavyorudi. Mlinzi ana bahati. Yeye watu wake anawaona kila asubuhi, shida yake ni kwamba wao hawamwoni.

*Angalizo:* wengine hufanya hatua hii na kugundua kwamba kazi yao haimfikii mtu yeyote, ripoti inaingia kabatini basi. Hilo nalo ni jibu. Liandike, utalihitaji kwenye hatua ya 8.

3. Chagua kipande kimoja cha kufanya kwa moyo.

"Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." Wakolosai 3:23 tumeikariri wote. Wachache wanaanzia mstari wa 22, unaoonyesha walioandikiwa ni watumwa. Hawakuwa na mkataba, hawakuwa na likizo, na mabwana wao hawakulazimika kuwa wema. Kwa hiyo Paulo hawaambii kwamba kazi yao inapendeza. Anawaonyesha kwamba ipo sehemu ya kazi ambayo mkono wa bwana wao hauifikii.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuamua kwamba kuanzia Jumatatu atafanya *kila kitu* kama kwa Bwana. Jumatano pumzi imekata. Chagua kipande kimoja, kisichozidi nusu saa kwa siku, ambacho mtu anaweza kusema kimefanyika au hakikufanyika. Changu kilikuwa hiki: niliomba kipande cha chuma kilichotobolewa matundu ya vipimo mbalimbali, na kabla ya kufunga mfuko wowote nikawa nachomeka bolti moja kuipima. Dada mmoja wa mapokezi kwenye kikundi chetu alichagua kuwapigia simu, kabla ya saa kumi, wote aliowaahidi kuwapigia. Basi.

*Angalizo:* usichague kipande ambacho bosi anakiona moja kwa moja. Utaanza kufanya kwa ajili ya macho yake, na asiposema asante utaacha. Mstari ule wa 22 una maneno makali juu ya utumwa wa macho.

4. Omba getini, kwa ufupi.

Nehemia alipoulizwa na mfalme, "Una haja gani unayotaka kuniomba?", alimwomba Mungu wa mbinguni papo hapo, kisha akajibu (Nehemia 2:4-5). Mfalme hata hakujua kama kuna sala imepita. Sala ya kazini iwe ya namna hiyo.

Mimi natumia Zaburi 90:17, ile ya kumwomba Bwana aithibitishe kazi ya mikono yetu. Naisema kati ya geti na mlango wa stoo, kisha nataja kipande changu cha hatua ya 3 na jina la mtu wa hatua ya 2. Haifiki dakika moja. Ukiwa kwenye mwendokasi umebanwa mpaka huwezi kuinua mkono, inatosha vilevile.

*Angalizo:* usiombe kwa muda wa mwajiri. Mteja amesimama dirishani, wewe uko ndani unanena kwa lugha. Huo si ushuhuda. Tumieni muda wa mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Ibada yetu ya Jumanne imekaa humo, na hakuna meneja aliyewahi kuigusa.

5. Salimia kama Boazi.

Ruthu 2:4. Tajiri anafika shambani, anaanza yeye: "BWANA akae nanyi." Wavunaji wanaitikia, "BWANA akubariki." Kwa wiki mbili hizi, uwe wa kwanza kumsalimia kwa jina mlinzi, kuli na dada wa usafi. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake hata kama cheo chako kiko juu. Kama chumba kilichojaa kwenye hatua ya 1 ni cha *watu*, ongeza yule mmoja usiyetaka hata kumwangalia. Salamu tu, urafiki haukudaiwa.

6. Funga siku kwa mistari mitatu.

Kabla ya kuvua koti au kufunga droo, andika: nilichomaliza, nilichoharibu, niliyesaidiwa naye. Ukurasa wangu mmoja wa zamani unasema hivi:

*Nimemaliza: mifuko 14 ya Kibaha, yote imepimwa.*
*Nimeharibu: nimemfokea utingo mbele ya watu.*
*Nimesaidiwa: mama wa chai, kanikopesha chapati mbili.*

Mstari wa pili usiuruke, na usiugeuze toba ya usiku kucha. Umefoka, kesho asubuhi mwombe radhi, mbele ya walewale waliosikia. Mstari wa tatu ndio unaosahaulika kuliko yote, na ndio nimeona ukibadilisha nyuso za watu. Mtu anakuja kulalamika kwamba kazini kwake hakuna mwenye utu, ukilifunua daftari lake unakuta majina tisa.

7. Pumzika kweli.

Sheria ileile inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo, na likizo ya mwaka isipungue siku 28. Mungu aliitangulia kwa amri ya Sabato. Sasa fungua kile kitabu chako cha ratiba tuone. Jumatano mazoezi ya kwaya. Alhamisi jumuiya. Ijumaa mkesha. Jumamosi kamati ya ujenzi. Jumapili ibada ya kwanza unaimba, ya pili unahesabu sadaka, jioni kikao cha harusi. Jumatatu unaniambia kazi ya ofisini imekosa upako!

Najua nitakasirisha watu hapa, mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Lakini wengi ninaowaona wamepoteza ari ya kazi hawajachoshwa na mwajiri, wamechoshwa na usharika. Yethro alimtazama Musa akihudumia watu toka asubuhi hadi jioni, kazi takatifu kabisa, akamwambia, "Jambo hili ufanyalo si jema" (Kutoka 18:17). Na Musa akamsikiliza mkwewe, akagawa kazi.

Kwa hiyo ndani ya siku hizi 14 achia jukumu moja la kanisani. Moja tu. Mwambie mwenyekiti wa kamati mapema, kwa heshima, na umpendekeze mtu mwingine. Kisha tenga saa 24 ambazo hutafungua ujumbe wa kazi wala wa kamati. Wasabato wetu wananicheka kwa hili. Wao ikifika jioni ya Ijumaa simu zimeshanyamaza.

8. Siku ya kumi, zungumza na bosi.

Danieli hakugoma. Alimwomba msimamizi wake awajaribu siku kumi kisha aangalie mwenyewe (Danieli 1:12-13). Fuata mfano huo. Pitia daftari, pitia karatasi ya majukumu, chagua badiliko *moja* ambalo litaifanya kazi iende vizuri zaidi, na uombe lijaribiwe kwa muda mfupi. Kwa mfano: "Mama, naomba kwa wiki mbili nipokee mzigo asubuhi tu, mchana nihesabu. Tukiona haifai, tunarudi kama zamani." Usiende na orodha ya malalamiko kumi na moja. Na usianze na "Mungu amesema nami", maana hapo umemfungia mlango wa kukukatalia, na hakuna bosi anayependa kufungiwa mlango.

Ukikwama

*"Wiki mbili zimeisha, sijisikii chochote."* Usipime kwa hisia, fungua daftari. Kama kipande chako kimefanyika siku nane kati ya kumi, endelea wiki mbili nyingine na uongeze cha pili. Lakini kama hulali, chakula hakipandi, unalia bila sababu, au unaona heri kufa kama Eliya, muone daktari wiki hii, na mwambie mtu wa nyumbani leo. Maombi yataendelea ukiwa njiani.

*"Mshahara wenyewe haulipwi."* Hapo tatizo si ari yako. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Kufanya kazi kwa moyo hakukulazimishi kunyamaza. Kwa mfanyakazi wa Tanzania, dai kwa maandishi, shirikisha chama cha wafanyakazi kama kipo, na ikishindikana nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Angalia tarehe: madai ya kuachishwa kazi yasivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Nimeona wapendwa wakiomba miezi mitatu, wakafika pale muda umeshapita, wakaanza kuhangaika na maombi ya kuongezewa muda.

*"Naambiwa nipike hesabu."* Mara nyingine moyo hukataa kazi kwa sababu dhamiri imeshaona kitu. Kataa kwa upole, weka kumbukumbu ya ulichoambiwa na tarehe, anza kutafuta kazi nyingine. Hatua zote nane hazitakupa ari ya kuiba.

*"Zamu yangu huangukia Jumapili."* Wauguzi, walinzi, madereva, mnalijua hili. Ombeni kubadilishana zamu angalau mara moja au mbili kwa mwezi, na msali ibada ya jioni au ya katikati ya wiki. Zile saa 24 zihamishie siku nyingine, ila zisipotee.

*"Kwa hiyo niache kazi nikatumike?"* Usiamue ukiwa umechoka. Maliza siku 14, ukiwemo usingizi wa hatua ya 1, ndipo uulize tena. Kisha zungumza na mchungaji au padri na, kama una ndoa, na mwenzako, kabla ya barua. Kumbuka pia kwamba Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akishona mahema nao (Matendo 18:3), na huduma haikulala. Waliokuja kwangu na swali hili, wengi walikuwa wanakimbia bosi. Wachache kweli walikuwa wanaitwa. Hao niliwatambua kwa jambo moja: kazi waliyokuwa wanaiacha walikuwa wakiifanya vizuri.

*"Daftari limejaa."* Nunua jingine, la zamani usilitupe. Wakati wa tathmini ya mwaka ukiulizwa umefanya nini, unalo jibu lenye tarehe. Watumishi wa umma mnaojaza kazi zenu kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji, mtanishukuru zaidi. Ila ule mstari wa pili, wa ulichoharibu, msiunakili kule mfumoni.